Filimbi ya Likizo ya Juni

Somanda, Bariadi
9 Juni 1998

Kwa Evalina binti Kasmiri,
Lamadi.

Kwa miaka kumi nimeficha kwamba baba yako hakuwa mwizi, na kwamba filimbi iliyowaita watu waliomuua niliipuliza mimi.

Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Wiki hii nimechana karatasi tatu namna hiyo. Naitwa Boniventura Masele, mwalimu mkuu mstaafu. Naishi hapa Somanda kwa binti yangu, tuwe karibu na hospitali. Tumbo linajaa maji, wanayatoa, linajaa tena. Daktari ameacha kunitajia tarehe ya kurudi, ananiambia tu, "Ukijisikia vibaya uje, mzee."

Hunijui. Habari zako nilizipata kwa Mektilda, yule mama wa Lamadi aliyekuja kutibiwa mwezi uliopita. Tulikuwa benchi moja, anapiga soga watu wacheke wasahau foleni. Akasema, "Sokoni kwetu kuna binti dagaa wake hawana mchanga hata chembe, lakini wateja wengine wanampita. Mtoto wa mwizi wa ng'ombe. Baba yake walimlaza na mishale huko Ipililo." Nikamwuliza jina la huyo baba. Aliponijibu niliomba nishikwe mkono nitoke nje.

Kesho Kombe la Dunia linaanza. Hapa jirani kuna duka lenye televisheni na dishi juu ya bati, na vijana wamekwisha kuvaa fulana za mitumba za Brazil. Jana mmoja akaniuliza, "Babu, wewe timu gani?" Nikamwambia Taifa Stars. Walicheka mpaka mwenye duka akatoka kuona kuna nini. "Stars hawapo Ufaransa, babu!" Najua hawapo. Nimeishabikia timu hiyo tangu tulipopata nchi, na sehemu kubwa ya ushabiki wangu imekuwa kujua kwamba hawapo.

Basi ilikuwa Jumamosi, 18 Juni 1988, likizo. Shule ilikuwa tupu na kijiji kizima kilikuwa shambani kwenye pamba. Nilibaki nyumbani na marehemu mke wangu, Lukresia, kusikiliza mpira wa Stars redioni. Wakati ule, upande wetu wa Ipililo, sungusungu wetu wa kulinda mifugo walikuwa na nguvu kuliko serikali. Ukisikia filimbi, unatupa jembe, unachukua upinde, unakimbilia inakotoka, na wa kijiji cha pili anaipokea na kupuliza yake. Ndiyo maana filimbi ya mchezo ilipigwa marufuku. Hata shuleni tuligonga rimu ya gari. Tangazo hilo nililisoma mimi mwenyewe mbele ya wanafunzi, kwa kuwa nilikuwa katibu wa sungusungu wa kijiji.

Stars walipofunga bao nilisahau. Filimbi yangu ya urefa ilikuwa imening'inia msumarini. Niliichukua nikapuliza kwa nguvu zangu zote, kama mtoto. Lukresia akasema, "Boni! Hao Stars wanakujua? Sasa wenye pinde watakuja."

Na walikuja. Njiani wakamkuta mgeni nisiyemfahamu anakimbia. Alipoona pinde aligeuka akaingia kwenye pamba, anauvuta ule mguu wa kushoto aliouvunja akidaka mpira, na hakufika mbali. Baadaye ikaandikwa kwamba alikuwa mwizi.

Naogopa, mwanangu. Tulikula kiapo tusiseme. Mwanangu Magese bado analima kule, amezungukwa na watu wale wale. Lakini naogopa zaidi kwenda nalo kaburini. Nasikia una mdogo wako wa kiume. Tafadhali usimwonyeshe barua hii.

Boniventura Masele

*

Lamadi
16 Juni 1998

Mwalimu Boniventura,

Shikamoo. Barua imefika kwa mkono wa Mektilda. Niliisoma nimesimama, halafu nikafunga meza saa nne asubuhi, kitu ambacho sijawahi kufanya.

Nitakueleza hilo neno mwizi limetufanyia nini, ili ujue umeandika kwa nani. Mama yetu, Pelagia, hajatamka jina la baba tangu siku ile. Wazee wa ukoo huko Mwamanyili walikataa mwili usiletwe, wakasema mwizi hazikwi kwenye mji wa watu. Kwa hiyo amelala huko kwenu, sijui wapi. Nilipojifungua mtoto wa kiume nikataka aitwe Kasmiri, baba mkubwa akaniambia, "Mpe jina la mtu." Mdogo wangu Josia alikuwa na miaka kumi na miwili. Alitoka shule akiwa darasa la sita kwa sababu ya kuimbiwa "mtoto wa mwizi". Sasa ana ishirini na miwili, haongei sana, na nikimwuliza anawaza nini ananijibu, "Ipililo."

Wazee wamesema jambo moja tu. Akitokea mtu wa huko aliyekuwepo, akasema mbele yao kwamba Kasmiri hakuiba, watakwenda kumchukua wamlaze nyumbani. Mtu mmoja tu. Tumemngoja miaka kumi.

Sasa nikuulize, Mwalimu. Unasema alikuwa mgeni usiyemfahamu. Lakini umeandika kwamba mguu wa kushoto aliuvunja akidaka mpira. Ni kweli aliuvunja hivyo, akiwa darasa la sita, shuleni Mwamanyili. Mtu anayemwona mgeni anachechemea ataona anachechemea. Hawezi kujua alikuwa golikipa.

Ulimjua. Kwa nini unaniandikia kweli nusu ukiwa kitandani pa kufia? Na ni nani aliyeamuru apigwe? Nataka jina.

Barua nimeificha chini ya gunia la dagaa. Josia anabeba magunia hayo kila siku.

Evalina Kasmiri

*

Somanda
21 Juni 1998

Mwanangu Evalina,

Umenikamata. Nimesahihisha madaftari ya watoto miaka thelathini na tatu, na wewe umelisahihisha la kwangu mara moja tu.

Ndiyo, nilimjua. Nilifundisha Mwamanyili tangu 1965 hadi 1972. Baba yako alikuwa golikipa wangu, mwembamba, mikono mirefu, mdomo haufungi. Akidaka alikuwa anautukana mpira: "Ulidhani utapita? Rudi kwenu!" Siku alipovunjika nilimpakia kwenye baiskeli yangu mpaka zahanati, analia huku ananiuliza, "Mwalimu, tumeshinda?" Hatukuwa tumeshinda. Nilimwambia tumeshinda.

Likizo za Juni za miaka ile zilikuwa nzuri. Watoto walikuwa wanachuma pamba ya wazazi wao asubuhi, na Stars wakicheza, jioni wanakuja kucheza uwanjani. Redio ilikuwa moja tu, ya kwangu, dhaifu, na nisingeweza kuitoa nje. Kwa hiyo nilisikiliza ndani, na kila bao la Stars nilipuliza filimbi dirishani. Wao uwanjani wakisikia wanaruka juu, wanakumbatiana, hata hawajui nani kafunga. Filimbi haikumtisha mtu yeyote wakati ule.

Baadaye nikahamishiwa Ipililo na sikumwona kwa miaka mingi. Biashara ilipofunguliwa, watu wakaruhusiwa kupita na mzigo bila kuulizwa kwenye kila kizuizi, nilisikia kwamba Kasmiri wa Mwamanyili anasafirisha samaki wakavu kwa baiskeli hadi huku kwetu. Nilifurahi. Nilikuwa nangoja siku moja apite kwangu.

Siku ile nilichelewa kufika. Nilipofika kwenye pamba walikuwa wamekwisha kumaliza. Ningewahi, mambo yangekuwa mengine.

Umetaka jina. Kamanda wa sungusungu alikuwa Machibya. Bado yupo, ana mji wake, nyumba na zizi, karibu na lambo la kunyweshea ng'ombe. Yeye ndiye aliyeamuru. Sasa unajua vyote.

Niandikie kwamba barua hii umeichoma. Usiku huu na jana nimesikia mbwa wa jirani wanabweka na nimemwomba binti yangu aweke kitu kizito mlangoni. Ananiuliza, "Baba, unamwogopa nani hapa Somanda?"

Boniventura Masele

*

Ipililo
28 Juni 1998

Mwalimu,

Mwadila. Nakusalimu kwa salamu ya kwetu kwa sababu mimi na wewe si wageni. Nasikia unaumwa. Pole sana, ngosha, mwanamume mwenzangu. Kama ningekuwa na miguu ningekuja na jogoo.

Huku pamba ni nzuri. Wanunuzi ni wengi siku hizi, kila mmoja na mizani yake, mtu hujui akuibie yupi. Magese mwanao ni mzima, amemaliza kuvuna. Namwona kila siku.

Jambo lililonifanya niombe karatasi ni hili. Amekuja kijana na baiskeli, anauza dagaa. Leo ni siku ya tatu. Dagaa hana habari nao, ukimwambia bei ni kubwa haongezi neno, anakubali. Anauliza mji wa Machibya uko wapi. Wamemwonyesha. Jana jioni alikaa kwenye kichuguu ng'ambo ya lambo akautazama mji wangu mpaka ng'ombe wakaingia. Anachechemea? Hachechemei. Lakini ana mikono mirefu, na mimi si mpumbavu.

Vijana wangu wamemwona pia. Wanasema, "Baba, tumkamate leo?" Nimewazuia. Sitaweza kuwazuia siku zote, wao hawana umri wangu. Akiingia kwangu na hicho anachokificha kwenye gunia, filimbi italia, na unajua kinachofuata. Tutazika wawili wa nyumba moja.

Mwalimu, mimi sikusoma, hata hii naandikiwa, wewe ndiye uliyeshika daftari letu. Nataka nikukumbushe tu. Miaka kumi sijawahi kukuuliza nani alipuliza filimbi siku ile, ingawa filimbi ya urefa na filimbi yetu hazilii sawa na masikio ninayo. Siku ile nilikuuliza swali moja, mbele ya wanaume kumi na nane, na ukanijibu. Mimi nilifuata jibu lako.

Umemwambia kijana huyu kwamba ulijibu nini?

Machibya

*

Lamadi
29 Juni 1998

Mwalimu,

Josia ameondoka tangu Alhamisi. Amechukua gunia moja la dagaa na panga la kukatia kuni. Barua zako zote mbili hazipo nilipozificha. Mama amekaa mlangoni tangu asubuhi, na kwa mara ya kwanza kwa miaka kumi ametamka jina. Anasema, "Kasmiri, mrudishe mtoto." Analirudia. Siwezi kulisikia tena.

Nimekasirika sana na wewe, lakini sina mwingine wa kumwandikia. Umemwambia Josia jina, basi ametosheka na jina. Nimezisoma barua zako kichwani usiku kucha. Kila unapofika kwenye pamba unachelewa. Mtu aliyepuliza filimbi mwenyewe, nyumbani kwake mwenyewe, anachelewaje kufika?

Sikujui, lakini wewe ulimjua baba yangu akiwa mtoto. Kama kuna kitu kilichobaki, kiseme leo. Kiseme kwa Josia. Wewe ni mwalimu, andika kitu kitakachomfanya aliweke chini hilo panga arudi nyumbani.

Dereva wa gari la samaki amekubali kukuletea hii moja kwa moja. Anasubiri nje.

Evalina

*

Somanda
30 Juni 1998

Josia mwana wa Kasmiri, huko uliko Ipililo.
Na dada yako Evalina, Lamadi.

Naandika nakala mbili. Moja inarudi Lamadi na gari la samaki. Ya pili ataileta mwanangu Magese, aliye hapa tangu asubuhi. Machibya alimtuma aniletee barua. Anaondoka sasa hivi na baiskeli. Josia, huyo atakayekukabidhi karatasi hii ni damu yangu. Hakuwepo siku ile, alikuwa kambini Jeshi la Kujenga Taifa. Anajua nilichoandika humu, maana nimemsomea, na amekubali kukuletea akiwa mikono mitupu. Nakutumia yeye kwa sababu sina kingine cha kukuonyesha kwamba leo sifichi.

Natia sahihi hapa, kabla sijafika mwisho, mkono ukiwa bado unanisikia: Boniventura Masele. Wazee wa Mwamanyili wapewe karatasi hii. Binti yangu na muuguzi mmoja jirani wameniona nikitia sahihi.

Niliandika kwamba Machibya aliamuru. Nilikuandikia uongo, na uongo huo ndio uliokupandisha kwenye baiskeli. Soma polepole.

Nilipopuliza filimbi, Kasmiri alikuwa kwenye njia ya lambo na mzigo wake. Watu wote waliosikia waliikimbilia kwa hofu. Yeye peke yake aliikimbilia kwa furaha. Aliijua filimbi ile tangu akiwa mtoto. Alijua ni nani anaipuliza na kwa nini. Aliibwaga baiskeli akaja mbio nyumbani kwangu, na mimi kutoka dirishani nilimwona, nikamtambua kwa mguu kabla ya uso. Nilikuwa nainua mkono kumwita. Ndipo wenye pinde wakatokea upande wa pili, yeye akashtuka, akageuka.

Sikuchelewa. Nilikuwa wa kwanza kumfikia baada yao. Nilitia filimbi mfukoni nikakimbia nao.

Alikuwa hai. Alikuwa ameketi kati ya mistari ya pamba na mshale mmoja pajani. Vijana walikuwa wamekwisha kuinua marungu, na ni Machibya aliyewazuia. Aliingia katikati akasema, "Ngojeni. Hatupigi mtu asiyeulizwa." Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu. Mgeni akikamatwa, anaulizwa, na akitokea mwenye mji mmoja akasema huyu ni mgeni wangu, anaachwa, anapewa maji, na mwenye mji anajibu yote yanayofuata.

Yote yanayofuata ndiyo yaliyonitisha. Ningesema ni mgeni wangu, wangeuliza, basi filimbi ni ya nini? Na aliyepuliza filimbi bila mwizi adhabu yake ilikuwa kutengwa. Hakuna anayekusalimu. Hakuna anayekupa moto wala kukuruhusu kisimani, na ukifiwa unabeba jeneza peke yako. Nilimwona mtu mmoja ametengwa misimu mitatu. Aliishia kuzungumza na mbuzi wake. Lukresia alikuwa anavimba miguu mwaka ule, tuliteka maji kwa msaada wa majirani. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilifanya kwa ajili yake. Yeye mwenyewe aliniambia, akikaribia kufa, "Usiniingize." Na hakuwa amekosea. Nilijiogopea mwenyewe. Niliogopa kuchekwa pia, mwalimu mkuu, katibu, aliyeita vita kwa ajili ya bao la redioni.

Hilo pia mlijue. Kilichokuwa upande mmoja kilikuwa uhai wa mtu, na upande wa pili aibu yangu, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kuvitazama vyote viwili.

Baba yenu hakuwa na hofu alipouona uso wangu. Aliniona nikipenya kati ya watu akaanza kucheka, na mshale pajani. Alisema, "Mwalimu! Waambie hawa. Nimesikia filimbi. Stars wamepata ngapi?"

Machibya akanigeukia. "Mwalimu, huyu anakujua. Ni mgeni wako?"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeishika filimbi isije ikagonga funguo ikasikika.

Josia, nakuomba ulitazame lile panga kisha uujue mlango wa kulipeleka. Machibya ni mzee aliyeuliza. Wale wengine walikuwa watu waliosikia filimbi wakatii. Mlango wangu hapa Somanda ni wa bluu, wa tatu kutoka duka la televisheni. Nimemwambia binti yangu aondoe kile kitu kizito alichokiweka. Naogopa sana, sitakudanganya, naogopa hata kuandika hivi, lakini nitakuwepo.

Alikuwa bado anangoja nimjibu mambo ya mpira. Machibya akauliza mara ya pili, kwa sauti, wanaume wote wasikie: "Mwalimu, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Mtu huyu unamjua?" Kasmiri akaacha kucheka. Akaniangalia tu, kama mtoto anayengoja jina lake liitwe.

Nikasema, "Simjui."